Boss DS-1 mikononi mwa mpiga gitaa wa Mwanza: pedali inayozushiwa kifo

Mwenye nayo husema imekufa. Taa haiwaki, sauti haipiti, hata ile safi ya gitaa lenyewe imepotea; basi anaiuza kwa bei ya kutupa au anaifungia kabatini. Ukiifungua, mara nyingi hukuti kilichoungua. Utakuta betri iliyochoka, adapta iliyoazimwa kwenye ruta ya intaneti, au waya wa gitaa uliokatikia ndani ya plagi. Boss DS-1, pedali ya distosheni, yaani ya kukwaruza sauti ya gitaa, ni ngumu kufa lakini rahisi sana kudhaniwa imekufa, na asiyejua sababu zake huishia kununua nyingine wakati ya kwanza ni nzima.

Tathmini hii ni kwa anayepiga kanisani Nyakato, ukumbini Kirumba, au kwenye sherehe ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe, mahali ambapo umeme unaweza kukatika katikati ya wimbo na vyombo vyote vikahamia kwenye jenereta. Jibu fupi kwanza: nunua, hata iliyotumika, mradi ujue tabia zake za umeme. Kwa sauti, inafaa muziki wa rock, nyimbo za kusifu zenye gitaa zito, na solo inayotakiwa kupenya juu ya kinanda na ngoma. Kwa anayetaka seben safi ya rumba haifai. Hata ukirudisha nobu ya Dist, ile ya kiasi cha mkwaruzo, hadi chini kabisa, bado inakwaruza sauti.

Boss ni chapa ya kampuni ya Roland ya Japani. DS-1 ilitoka mwaka 1978 na bado inatengenezwa. Ni kiboksi cha chuma chenye upana wa milimita 73, urefu wa 129 na kimo cha 59, uzito karibu gramu 400 ikiwa na betri. Juu kuna nobu tatu: Tone, Level na Dist. Inatumia volti 9 na inakula umeme mdogo mno, kama miliampia 4 tu. Shikilia hiyo namba 4, maana mambo mengi ya pedali hii yanaanzia hapo.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwa nini DS-1 isiyo na umeme hunyamaza kabisa. Zipo pedali ambazo swichi yake ya mguu hukata na kuunganisha waya moja kwa moja. Hizo zikikosa umeme, sauti safi bado inapita. DS-1 haiko hivyo. Sauti yake, iwe safi au ya kukwaruza, inapita kwenye transista, na uamuzi wa ipi ipite unafanywa na transista za FET zinazohitaji umeme. Ndiyo maana betri ikiisha hupotezi ukali tu, unapoteza gitaa zima, pamoja na kila pedali iliyo kwenye mstari huo. Mpigaji akiona hivyo anadhani bodi imeungua. Kumbe ni betri.

Umeme

Jeki ya kuingizia gitaa ndiyo swichi ya kuwashia betri. Ni jeki ya stereo, na plagi ya kawaida ya gitaa inapoingia, chuma chake kirefu hugusanisha sehemu mbili ndani ya jeki na hasi ya betri ikapata njia. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: ukitumia waya wenye plagi ya stereo, ile yenye pete mbili nyeusi ambayo mafundi mitambo wanayo kwa ajili ya miksa, betri haiungi na pedali haiwaki. Hakuna kilichoharibika, badilisha waya. Wa pili ni kuacha waya umechomekwa baada ya mazoezi. Miliampia 4 kwa saa 24 ni 96, na betri nzuri ya alkalini ya volti 9 ina kama miliampia-saa 500. Maana yake ukiiacha imechomekwa Jumapili baada ya ibada, Ijumaa unakuta imekwisha. Betri za bei nafuu za kaboni hazifiki hata hapo.

Jeki ya adapta nayo ina swichi yake. Plagi ya adapta ikiingia, betri inatengwa. Hivyo betri inaweza kuwa mpya kabisa lakini pedali ikakaa kimya kwa sababu adapta mbovu, au adapta nzima iliyo kwenye ekstensheni isiyo na umeme, bado imechomekwa nyuma yake. Umeme ukikatika, kuzima adapta ukutani hakusaidii. Chomoa plagi kwenye pedali yenyewe.

Halafu kuna upande wa chanya na hasi, na hapa ndipo uharibifu wa kweli unapotokea. Boss wanataka hasi iwe katikati ya plagi na chanya nje. Adapta za ruta, za kamera za ulinzi, na ile ya volti 12 ya vinanda vingi vya Yamaha vya nyumbani na kanisani, zina chanya katikati. Plagi ni ile ile ya milimita 5.5 kwa 2.1, inaingia bila kubisha, kwa hiyo usiamini kwamba inafaa kwa kuwa imeingia. Soma mchoro mdogo wa duara kwenye adapta: kituo cha katikati lazima kiwe na alama ya kutoa. Ndani ya pedali kuna diodi ya ulinzi inayojitoa mhanga umeme ukija kinyume. Ikifa kwa kupiga shoti, dalili ni kwamba pedali haiwaki kwa adapta wala kwa betri, na betri mpya inapata joto. Ukiona joto, chomoa mara moja. Diodi hiyo ni ya aina ya kawaida, 1N4004 inatosha, na hubanduliwa kwenye redio yoyote iliyokufa. Fundi akiitoa na pedali ikawaka, lazima aweke nyingine. Kuiacha bila diodi ni kuiacha bila mlinzi.

Zile adapta nzito za transfoma zenye kiswichi cha kuchagua volti 3 hadi 12 na kingine cha kugeuza chanya na hasi zinapatikana kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, na zinavutia kwa sababu zinajidai kufaa kila kitu. Kwa DS-1 ni chaguo baya. Nyingi hazidhibiti volti. Ukiweka kwenye 9 huku pedali inakula miliampia 4 tu, mita inaweza kusoma 12 au 13, kwa kuwa transfoma haina mzigo wa kuishusha. Pia kapasita yake ya kuchuja ni ndogo, hivyo mngurumo wa umeme unaingia kwenye pedali ambayo kazi yake ni kukuza kila kitu. Tafuta adapta ya volti 9 iliyodhibitiwa, hasi katikati, miliampia 200 au zaidi. Miliampia zikizidi haziharibu kitu, pedali huchukua inachohitaji. Volti ndizo za kuogopa.

Umeme unapokatika, wengine hukimbilia pawabanki na ule waya wa USB unaopandisha volti 5 kuwa 9. Wazo ni zuri lakini lina vikwazo viwili. Waya huo hutengenezwa kwa ajili ya ruta, kwa hiyo chanya iko katikati. Unahitaji kipande cha kugeuza. Na hata ukigeuza, pedali inawaka sekunde kadhaa kisha inazima. Tena inaonekana imekufa. Kilichotokea ni kwamba pawabanki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula kidogo mno, zikidhani hakuna kilichounganishwa. Miliampia 4 za DS-1 hazitoshi kuiamsha. Ukiunganisha pedali nyingine yenye njaa kubwa kwenye waya huo huo, mfano ya mwangwi ya dijitali, pawabanki inakaa macho na zote mbili zinafanya kazi.

Kwa yote hayo, ushauri wetu kwa pedali hii hasa ni betri ya alkalini. Ulaji wake ni mdogo, na betri haina mngurumo wala haijali kama mtaa una umeme. Hela ya adapta nzuri iweke kwenye pedali za dijitali, ambazo humaliza betri haraka.

Namna ya kuipima kabla ya kumwita fundi

Anza bila pedali. Gitaa, waya mmoja, amplifaya. Tikisa waya karibu na plagi zote mbili huku nyuzi zinalia. Sauti ikikatika-katika umeshapata ugonjwa na pedali haina kesi. Pima na waya wa pili vivyo hivyo, kwa sababu pedali inahitaji nyaya mbili na kosa linaweza kuwa kwenye huo wa pili.

Sasa chomoa kila adapta, weka betri mpya, na uhakikishe gitaa linaingia jeki ya kulia, ile iliyoandikwa INPUT, na waya wa amplifaya unatoka kushoto. Ukibadilisha pande hizi taa inaweza kuwaka kama kawaida lakini sauti isipite. Betri mpya ya alkalini husoma zaidi ya volti 9 kwenye mita. Ile ya kaboni iliyokaa dukani muda mrefu husoma 9 ikiwa peke yake, kisha huanguka mara inapopewa kazi, kwa hiyo ipime ikiwa ndani ya pedali na waya umechomekwa. Level ipandishe hadi nusu. Linaonekana jambo la kitoto, lakini Level ikiwa chini kabisa taa inawaka, swichi inafanya kazi, na sauti inapotea kila ukiwasha.

Hapo soma dalili. Ikiwa haina taa wala sauti, ni njia ya umeme: kishikio cha betri, jeki ya INPUT, au diodi. Kishikio cha betri ndicho cha kushuku kwanza, kwa sababu kile kiwaya chekundu au cheusi hukatika pale kinapokunjwa kila betri inapobadilishwa, na hapa kandokando ya ziwa vibano vyake hushika ukungu wa kijani. Taa inawaka, sauti safi inapita, lakini ukiwasha inanyamaza: kosa liko kwenye mzunguko wa kukwaruza, IC (chipu ya kukuza sauti) au transista iliyo mbele yake. Taa inawaka lakini hakuna sauti ya aina yoyote: jeki ya kutolea, au transista za mwisho. Taa hafifu na sauti yenye kukatika mwishoni mwa noti ni betri, karibu kila mara.

Swichi ya mguu

Hii ndiyo sehemu inayochakaa kweli. Chini ya kile kibao kikubwa cha kukanyagia kuna swichi ndogo ya kubonyeza, ya aina ile ile inayotumika kwenye rimoti na redio za gari. Yenyewe haipitishi sauti ya gitaa. Inatuma ishara tu, na mzunguko wa kugeuza unawasha au kuzima. Ikichakaa utakanyaga mara tatu ndipo ikubali, au utakanyaga mara moja iwake na kuzima papo hapo.

Kuipima ni rahisi. Legeza skrubu kubwa ya mkono iliyo mbele, inua kibao, toa chemchemi na mpira wake uviweke pamoja visipotee. Pedali ikiwa na umeme, gusanisha miguu miwili ya swichi kwa kipande cha waya. Taa ikibadilika kila ukigusa, swichi ndiyo mbovu na pedali nyingine yote ni nzima. Swichi mbadala ni bei ya soda, na fundi anayetengeneza rimoti ataibadilisha kwa dakika chache. La kuangalia ni kimo cha kitufe chake. Kikiwa kifupi kuliko cha mwanzo, kibao hakitakifikia na utarudi kulalamika kwamba swichi mpya nayo haifanyi kazi. Kikiwa kirefu, kitabaki kimebonyezwa wakati wote. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Taa ikibadilika lakini sauti haibadiliki, usibadilishe swichi. Hapo kosa liko kwenye FET au diodi zinazoziendesha, na linahitaji mita na mtu mwenye subira.

Nobu, jeki na hewa ya ziwa

Nobu zinazokwaruza zinapozungushwa zina vumbi au unyevu. Fundi redio huziita zote "volyumu". Puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye upenyo mdogo wa kila moja, zungusha mara ishirini kutoka mwisho hadi mwisho, subiri ikauke. Mafuta ya kulegeza skrubu zenye kutu si dawa hiyo; yanaacha utando unaokusanya vumbi. Ikibidi kubadilisha, Dist na Level ni kiloomu 100 na Tone ni kiloomu 20, zote za mstari ulionyooka, zenye alama ya B. Ukiweka ya 100 kwenye Tone pedali itafanya kazi, ila nobu haitagawa sauti vizuri.

Jeki hulegea nati yake ya nje, plagi ikawa inazungusha jeki nzima na kuvuta nyaya za ndani. Kaza nati mapema. Ukifungua bamba la chini, lenye skrubu nne, utaona karatasi ngumu au plastiki kati ya bodi na chuma. Irudishe. Pedali iliyofunguliwa na mtu asiyejua kazi ya karatasi ile hupiga shoti kila ikikanyagwa kwa nguvu, na kosa hilo linasumbua sana kulitafuta kwa sababu bamba likiwa wazi kila kitu kinafanya kazi.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojaa kwenye taa jioni huingia pia kwenye jeki zilizo wazi. Kipande cha sponji kwenye kila tundu, au mfuko wenye zipu, kinatosha. Na ikiwa hutapiga kwa wiki kadhaa, toa betri. Ikivuja ndani huozesha vibano na kushuka hadi kwenye bodi.

"Inalia kama nyuki"

Lalamiko hili hutoka zaidi makanisani, ambako gitaa huingia moja kwa moja kwenye miksa. Pedali si mbovu. Spika ya amplifaya ya gitaa hukata sauti nyembamba za juu, na DS-1 ilitengenezwa ikitegemea hilo. Spika za ukumbi hazikati, zinatoa mkwaruzo wote wa juu jinsi ulivyo. Isitoshe, mzunguko wa Tone wa pedali hii hupunguza sauti za katikati, ambazo ndizo zinazolipatia gitaa mwili. Mwombe fundi mitambo ashushe High ya chaneli yako kwa kiasi kikubwa na kupandisha kidogo ya katikati; wewe weka Tone kwenye robo ya mzunguko na Dist isizidi nusu. Pedali inayoiga spika ya gitaa ikikaa baada ya DS-1 inamaliza tatizo, na ni matumizi bora ya hela kuliko kununua distosheni nyingine.

Mngurumo ni suala jingine. Weka betri, chomoa adapta. Ukiisha, adapta ndiyo mkosaji. Ukibaki, geuka na gitaa lako taratibu. Ukipungua ukitazama upande fulani, ni pikapu za koili moja zinazonasa taa au transfoma iliyo karibu. Waya mrefu wa plagi za kawaida kutoka jukwaani hadi kwenye miksa nao hunasa. Hapo tumia DI boksi, kiboksi cha kuunganisha gitaa na waya wa miksa, karibu na mpigaji, uwashe swichi yake ya kutenga ardhi. Mluzi mwembamba usiobadilika mara nyingi hutoka kwenye pedali ya dijitali inayokula adapta moja na DS-1 kwa waya wa matawi. Ipe DS-1 betri yake, mluzi utanyamaza. Lakini mvumo laini Dist ikiwa juu kabisa na nyuzi zimetulia ni maumbile yake. Hakuna fundi wa kuuondoa.

Ukinunua iliyotumika

Angalia maandishi karibu na jeki ya adapta. DS-1 za zamani zimeandikwa ACA, za baadaye PSA. Ya ACA ilitengenezwa kwa adapta ya volti 12 isiyodhibitiwa, na ndani ina vipande vinavyozishusha. Ukiipa volti 9 safi za adapta ya leo, taa inakuwa hafifu na mkwaruzo unakosa nguvu, ilhali kwa betri iko vizuri. Dalili hiyo, nzima kwa betri na dhaifu kwa adapta, ni ACA na si ugonjwa. Usikubali kulipa gharama ya kuitengeneza, na muuzaji akiishushia bei kwa sababu hiyo, ichukue. Ikiunganishwa kwenye waya wa matawi pamoja na pedali ya PSA, hupata nguvu ghafla kwa sababu hasi inapata njia ya pili kupitia nyaya za sauti kati ya pedali. Hapo volti ni 9 kwa wote. Usijaribu kuupa msururu huo 12.

Za mwanzo kabisa zina IC ya Toshiba, TA7136AP, yenye miguu 7 kwenye mstari mmoja. Mwaka 1994 Boss waliacha kuitumia, na nyingi za baadaye zina IC ya miguu 8, nayo mstari mmoja. Fundi akikuambia ataweka IC ya kawaida ya mistari miwili bila kutengeneza kibodi cha kugeuza miguu, chukua pedali yako uondoke nayo. Kwanza apime mguu wa kutolea sauti: ukisoma karibu volti 4.5, nusu ya umeme wa pedali, IC huenda haina tatizo na atafute kwingine. Ukisoma sifuri au 9, ndipo aizungumzie.

Nenda kununua na betri yako mpya, waya wako mwenyewe wa plagi za kawaida, na bisibisi ya nyota. Muuzaji akisema "haiwaki", weka betri yako ndani, chomeka waya upande wa kulia, na ukanyage.